Simu ya Maneno Saba

Jumamosi, tarehe 16 Januari 1960, saa tatu asubuhi, Bi Moza wa Wawi aliweka karatasi ya simu ya maandishi mezani kwa Sajini Shaame, Chake Chake. "Mama mgonjwa njoo." Basi. Jamaa zake wa Unguja walimletea lawama: kwenye simu ya Jumatatu walimwambia aje na meli ya kesho, Jumanne, maana mama mahututi. Yeye akangoja meli ya Ijumaa. Mama akazikwa Jumatano.

Sajini alikuwa amechoka, wallahi, kesi ya tano wiki ile. Mkuu wa posta alishakata shauri: kosa la Mjaka, karani wa mtambo, na Jumatatu ijayo anafukuzwa. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Mjaka, baba wa watoto sita, alimwonyesha Sajini nambari saba juu ya karatasi yenye maneno matatu tu. Jambo lenyewe hata mtoto wa chuo cha Kurani ataelewa. Mtambo hupiga nukta na vistari, na njiani vingine hupotea. Kwa hiyo mpelekaji huhesabu maneno, akatanguliza hesabu. Mpokeaji naye huhesabu aliyoyapata. Yasipotimia, huomba yapigwe tena.

Mkuu akasema labda Mjaka aliandika saba bila kuhesabu. Sajini akawaomba Unguja wapige simu ishirini za majaribio, tano zikiwa na hesabu ya uongo, Mjaka asiambiwe zipi. Mjaka akazikamata zote tano. Basi simu ilitoka posta ikiwa kamili.

Akabaki Mabruki, tarishi. Daftari lake lilisema: Jumatatu, saa kumi alasiri, bahasha imefungwa, amepokea Zahran. Huyo ni kaka yake Moza. Na Moza alipewa karatasi na kaka yake, bila bahasha.

Saa kumi na moja Sajini alifika kwa Zahran, ambako Moza alikuwa akimuuguza wifi yake mwezi wa pili sasa. Akailaza karatasi ile juu ya fomu tupu ya posta. Ilipungua upana wa mstari mmoja.

"Mstari wa pili umeukata, Zahran."

Zahran akakaa chini. "Mke wangu alikuwa hajiwezi, Sajini. Moza akenda, nani angemgeuza? Nikasema mama atangoja mpaka Ijumaa."

Ndani, wifi akaomba maji. Moza akainuka, akachota.

"Ungeniambia tu, kaka," alisema. "Mwanawema hapo jirani angekaa naye siku tatu. Mama hakuweza kungoja."

Akampelekea mgonjwa maji.