Kiu ya Keza

Kiangazi cha mwaka 1984, Nyirabageni aliogopa kupita nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo lilipokuwa banda la Keza, sungura wa binti yake Kantengwa.

Kila jioni mlio ulitoka bandani. Pu! Kimya. Pu! Pu! Ukienda kutazama, humwoni mtu. Ni Keza peke yake, amekaa wima, hapepesi macho.

Kisha Keza akaanza kujinyonyoa manyoya kifuani. Alijinyonyoa mpaka ngozi ikaonekana. Manyoya aliyabeba mdomoni, akayarundika kwenye kona.

"Mnyama anajivua nguo," alisema Bibi Mukandekezi, mama mkwe wa Nyirabageni. "Hii si bure."

Asubuhi moja Kantengwa akapiga ukelele. Keza alikuwa amezaa, lakini watoto hawakuwapo. Kwenye manyoya kulikuwa na damu na kijiguu kimoja kidogo. Keza alikuwa akijilamba mdomo.

Jamani! Amekula watoto wake!

Nyirabageni alishika tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mtoto wake wa mwaka juzi alikufa siku aliyozaliwa.

"Mnyama anayekula wanawe hakai na mjamzito," alisema bibi. "Mumeo Fidele akirudi kutoka shambani amchinje, amzike mbali."

Kantengwa alilia, akamng'ang'ania mama yake. "Mama, usimwache auawe!"

Moyoni Nyirabageni aliamini maneno ya bibi. Lakini kuuliza si ujinga. Alijifunga khanga, akaenda Nkwenda kwa Rukaya, mke wa Othman mwenye duka. Kwa Rukaya ndiko walikompata Keza, na ndiko walikompeleka kwa dume.

Rukaya hakungoja kubembelezwa. Wakarudi pamoja.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usilisogelee hilo banda!"

Rukaya akalisogelea. Akashika majani, yakavunjika mkononi.

"Mama Kantengwa, maji yake yako wapi?"

"Maji? Sungura hanywi maji. Anakula majani."

"Nani kakudanganya? Wakati wa mvua majani yana maji. Sasa ni kiangazi, yamekauka. Keza kazaa, katokwa na damu, hana hata tone la kunywa. Sungura mwenye kiu kali anaweza kula watoto wake. Hajalogwa huyu."

"Na kujivua nguo?" bibi akauliza.

"Anawatandikia wanawe kitanda, bibi. Majike yote hufanya hivyo yakikaribia kuzaa."

"Na ile pu! pu! ya jioni?"

"Anapiga mguu chini kwa woga. Mbwa wenu hulala wapi?"

Mbwa alikuwa amelala hapo hapo, chini ya banda.

Nyirabageni alileta bakuli la maji. Keza alitumbukiza mdomo, akanywa, akanywa, akanywa. Sauti ya ulimi tu ndiyo iliyosikika.

"Maskini wee," alisema Nyirabageni, na machozi yakamtoka. "Kumbe tulikuwa tunamtesa."

Fidele akatokea, kisu mkononi. Alikuwa ameshasikia habari njiani.

"Rudisha kisu jikoni," mama yake alimwambia. "Beba ndoo, ukachote maji."

Tangu siku ile Keza alipata maji safi asubuhi na jioni. Mbwa alihamishiwa mbele ya nyumba. Fidele alitengeneza sanduku la kuzalia, lenye giza na nyasi kavu. Keza alipopumzika na kunenepa, ndipo wakampeleka tena kwa dume la Rukaya.

Safari hii alizaa watoto sita. Kantengwa alinawa mikono, akawatazama upesi, akafunika. Wote walikuwa hai. Jioni mlio haukusikika tena.

Baadaye Nyirabageni naye akajifungua mtoto wa kike, mwenye kilio cha kuamsha majirani. Bibi Mukandekezi aliingia chumbani amebeba bakuli kwa mikono miwili. Hata mtoto hakumtazama kwanza.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kunywa maji kwanza."