Miguu ya Mtawa wa Wendlesby

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Winifred Garrod alimkuta kaka yake, Edwin, amekufa chini ya ngazi ya magofu ya watawa. Kichwa kimepasuka. Ilipofika saa mbili kijiji cha Wendlesby kilikuwa kimeshaamua: mzimu wa mtawa umemsukuma.

"Wengine wanasema alilewa," Winifred alimwambia Sajenti Maud Pellow. "Edwin hajagusa pombe miaka tisa. Simziki kaka yangu kwa jina la mlevi."

"Mliongea lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi na moja jioni, kwa simu. Alikuwa akichimba peke yake nyuma ya ukuta. Alisema amefikia sakafu ya watawa, vigae vyekundu. Sijamwambia mtu."

Pellow alizunguka ukuta. Hakukuwa na shimo. Palikuwa na nyasi tu, ila kingo zake hazikushikana. Alinyanyua pande moja la nyasi, akaona vigae vyekundu. Akalirudisha.

Fairlie, mtaalamu wa magofu aliyegombana na Edwin kuhusu uchimbaji huo, alikuwa amelazwa hospitali tangu juzi. Akabaki jirani, Rodney Askew, mkulima ambaye mkewe, Sheila, alisemekana kumkimbia mwaka 1991.

Askew alimmiminia chai. "Usijisumbue, Maud. Ni mtawa. Nilimwona jana usiku, nyuma ya ukuta."

"Kavaa nini?"

"Joho jeusi. Makubadhi ya ngozi."

"Makubadhi uliyaona?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Bibi yangu alimwona, Rodney. Baba pia. Wote walimwona kuanzia magotini kwenda juu. Ardhi imepanda tangu mfalme awafukuze watawa, karne nyingi zilizopita, naye bado anatembea kwenye sakafu yake ya zamani. Hakuna aliyewahi kuona miguu yake."

Askew aliweka birika chini.

"Wewe umempa miguu kwa sababu ulijua sakafu iko wazi. Ilifunuliwa jioni, asubuhi imefunikwa. Nani aliifunika?"

Pellow alisimama.

"Unataka nikachimbe pale?"

"Sheila yuko pale," Askew alisema. "Nilidhani mifupa kati ya mifupa ya watawa, nani atauliza? Edwin alibakiza hatua moja. Nilimwomba aache, akanicheka. Nikampiga na sepetu, nikamburuta hadi kwenye ngazi." Alitazama dirisha. "Mtawa sijamwona hata siku moja. Anayekuja ni Sheila."

Pellow alipiga simu mbili. Ya kwanza kwa Winifred: kaka yake hakuwa amelewa.