Mshono wa Mtu Mwingine

"Dada, hapo hapajakauka."

Sindano alikuwa ameshakanyaga. Kigae kilichobandikwa muda huo huo kiliteleza chini ya kiatu chake chekundu, na simenti ikaruka mpaka kwenye pindo la gauni lake la kijani. Korido ya jengo la soko ilijaa wateja, majora ya vitambaa na kelele za cherehani. Mwanamume aliyepiga magoti chini alimtazama kama mtu aliyeporwa mchana kweupe.

"Ungeweka hata kamba watu waione," alisema Sindano.

"Niliweka. Umeiruka."

Kweli alikuwa ameiruka. Mafundi nguo wenzake walimpa jina la Sindano kwa sababu ya ukali wa mdomo wake, lakini siku hiyo mdomo uliomba radhi. Kabla korido haijakamilika, yule fundi, ambaye soko zima lilimwita Vigae, alikuwa anakunywa chai kwenye chumba chake cha kushonea. Haukupita muda mrefu wakaanza kuzungumzia harusi.

Sindano akamshonea suruali ya kijivu. Kwa fundi nguo hilo si jambo dogo. Mpenzi wa fundi hashonewi kwingine, na akionekana na mshono wa mtu mwingine, ni sawa na kulala nje.

Halafu Vigae akabadilika. Simu ilikuwa inaita mpaka inakata. Akipokea, ana haraka.

"Nipo kazini, mpenzi."

"Kazi gani Jumapili?"

"Ya dharura. Nitakupigia."

Hakupiga. Akikumbatiwa, anajivuta nyuma. Wanaume, Mungu awasamehe, wana kipaji cha kuficha kitu mpaka kila mtu ajue wanaficha.

Jumapili iliyofuata Sindano alimfuata chumbani kwake bila kupiga hodi ya simu. Suruali ya kijivu ilining'inia kwenye msumari. Aliigeuza ndani nje kwa mazoea tu. Pale miguu inapoungana, mshono wake ulikuwa umefumuliwa, kipande kikaongezwa, na uzi ulikuwa wa bluu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ulikuwa mshono mzuri.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo aliyeshika suruali yangu."

"Ni mzee mmoja tu, anashona karibu na saiti."

"Mzee. Nimekukosea nini mpaka ukavue suruali kwa mwingine?"

Vigae alitaka kucheka, akashindwa. Alikaa kitandani upande upande, kama alivyokuwa anakaa siku hizi.

"Ilikuwa inabana."

"Si ungeniambia niipanue?"

"Ungenipima," alisema, akatazama sakafu. "Ungejua."

Ndipo akasema. Korodani ya kushoto ilikuwa imekua na kuwa ngumu, kama ina kokoto ndani. Haikuuma sana, ila ilikuwa nzito, inavuta mpaka tumboni. Alidhani ni kazi ya kupiga magoti kutwa. Alimeza vidonge vya maumivu, akangoja, na kokoto haikwenda popote.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza mambo ya harusi. Ningekuambiaje? Kwamba mume unayemtaka huenda..."

Hasira yote ilimtoka Sindano, na hofu ikachukua nafasi yake. Aliirudisha suruali kwenye msumari. "Basi," alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, usinibishie."

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Alimpima Vigae nyuma ya pazia, akampeleka kwenye vipimo vya damu na altrasaundi. Majibu yaliporudi aliwaita wote wawili.

"Kwa nini umechelewa, mwanangu?"

"Haikuwa inauma sana, daktari."

"Hapo ndipo wengi wenu mnaponiponyoka. Uvimbe au uzito kwenye korodani, hata usipouma, unakuja tuuone. Na yakikupata maumivu makali ya ghafla, pengine na kutapika, hungoji kupambazuke. Korodani inaweza kujisokota ikakosa damu, na saa chache tu zinatosha kuipoteza."

Kisha alivua miwani, na Sindano akajua. Uvimbe ulikuwa ndani ya korodani yenyewe, na picha ilionyesha huenda ni saratani. Ingetolewa, ichunguzwe maabara. Wanaowahi, wengi hupona. Moja inayobaki, ikiwa nzima, kwa kawaida inatosha, hata kwa watoto.

"Na yeye amewahi?" aliuliza Sindano.

Daktari alirudisha miwani puani. "Amewahi kuliko kama angekuja mwezi ujao."

Usiku wa kuamkia upasuaji, muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, simu ya Sindano iliita.

"Nenda nyumbani, mpenzi," alisema Vigae. "Nenda kabisa. Tafuta mwanaume mzima. Mama yako anataka wajukuu."

"Mama nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ukitoka, wazee wako wanakuja kwetu. Akauliza unaumwa nini. Nikamwambia korodani. Akaniuliza mara mbili, halafu akasema kesho atakuletea supu."

Vigae alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Sindano alikisikia, naye akajizuia kwa kuuma pindo la mtandio.

"Naogopa, Sindano."

"Hata mimi. Meno yananigongana hapa."

"Itakuwaje?"

"Sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Hapo uko wapi?"

"Kwenye benchi, nje ya mlango wa wodi yenu. Muuguzi amenifukuza, nimerudi. Wewe ogopea huko ndani, na mimi naogopea hapa. Siondoki."