Matone ya Baba Mkwe

Kila mchana Tusekile aliweka ugali na maharage juu ya kigoda, mlangoni pa baba mkwe wake. Alibisha hodi, kisha akakimbilia jikoni. Kwa mila ya ukoo wao pale Mbebe, mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni. Miaka yote tangu aolewe, Mzee Anyosisye alimjua Tusekile kwa sauti na kisogo tu.

Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Bahati mbaya, kifuko chembamba ndani ya jicho kilichanika, lenzi ya bandia ya kumwezesha kuona ikashindwa kuwekwa. Daktari alimweleza wazi, akampa dawa ya matone, akamwambia arudi. Mzee alibeba neno moja tu kichwani: "Wameniharibia jicho."

Mkewe alishafariki. Mwanawe Lusubilo, mume wa Tusekile, alikuwa Tunduma kwenye biashara ya mahindi. Basi mzee alijitia dawa mwenyewe, na matone mengi yakaishia shavuni. Tusekile aliona kupitia upenyo wa mlango. Roho ilimuuma, lakini angeingiaje?

Asubuhi moja alimsikia mzee akiugulia. Alitoka mbio kumwita jirani yao Gwantwa, muuguzi wa zahanati.

Jicho lilikuwa jekundu sana.

"Baba, dawa unatia?" Gwantwa aliuliza.

"Natia, haisaidii. Bora nioshe na majani."

"Majani usiguse kabisa! Jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu, au kuona kukipungua, ni hospitali siku hiyo hiyo. Inuka twende."

Hospitalini daktari alikuta uvimbe ndani ya jicho. Dawa ilikuwa haifiki ndani. Alisema uvimbe ukiisha ataweka lenzi kwa upasuaji mwingine. Dawa isipoingia sawasawa, jicho litapotea.

Waliporudi nyumbani, Gwantwa aliuliza, "Nani atakutia dawa, baba?"

Tusekile alikuwa nje ya mlango, amewapa kisogo.

"Huyo hapo," alisema Gwantwa.

"Mkwe wangu? Haiwezekani!"

Gwantwa akacheka. "Baba, anayetiwa matone anatazama juu, kwenye dari. Utamwona saa ngapi?"

Mzee alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Hatimaye akaita, "Tusekile, mwanangu, njoo. Mimi natazama dari."

Tusekile aliingia. Gwantwa alimwelekeza.

"Nawa kwa sabuni. Vuta kope ya chini taratibu. Dondosha tone moja, chupa isiguse jicho. Baba, sasa fumba, utulie."

Tangu siku hiyo Tusekile hakuruka dawa hata mara moja. Maumivu yaliisha, wekundu ukaondoka. Mzee alirudi kwa daktari, akawekewa lenzi. Alipopona, aliona mpaka migomba ya ng'ambo ya bonde.

Siku hiyo kigoda hakikuwekwa mlangoni. Tusekile aliingia na ugali mkononi. Alitaka kugeuza uso kama alivyozoea.

"Usigeuke," mzee alisema. Alimtazama kwa muda mrefu. "Kumbe ndiwe. Karibu nyumbani, mwanangu."