Mkono wa Kushoto wa Nalianya

Mtoto wa Nashon Osewe alinuka dawa ya kuchua misuli. Mama yake, Seline, alimwogesha, akamwogesha tena, harufu ikabaki. Nashon, mwandishi wa michezo, aliijua kutoka vyumba vya mabondia, lakini akanyamaza. Mdomo wake ulikuwa umejifunza adabu, ila umechelewa.

Mwaka uliotangulia, wa tisini na tano, Nalianya, bondia wa mtaa wa Kongo kule Kawangware, alikataa pigano kwa sababu kichwa kilimuuma. Nashon akaandika gazetini kwamba ni mwoga. Watu wakamcheka Nalianya mpaka akapanda ulingoni, akashushwa maiti.

Sasa mtoto hanyonyi. Analia tu, na kila akilia Nashon anapigwa na mkono asiouona. Ngumi ya kwanza ilimkuta akinyoa ndevu, ikamng'oa jino. Asubuhi hiyo hiyo kengele ya ulingoni ililia mahali pasipo na kengele, harufu ikapanda, na kabla hajaufikia mlango alipigwa tumboni, akapigwa sikioni, akabamizwa kwenye mabati hadi ukuta ukabonyea, damu ikarukia neti ya mtoto, na majirani wa Kibera, wakidhani ni mambo ya mke na mume, wakaongeza sauti ya redio. Zote zilikuwa ngumi za kulia. Nalianya, alipokuwa hai, alikuwa akimalizia pigano kwa kushoto.

Seline alimwita Mama Nasambu, mkunga aliyeishi ploti hiyo hiyo.

"Iko mtu alikufa anataka mtoto apewe jina yake," mkunga akanong'ona. "Taja wafu. Ukifikia yake, mtoto atanyonya."

Nashon akataja babu, nyanya, mjomba aliyezama ziwani. Midomo ya mtoto ikageuka samawati. Ngumi ikampasua Nashon nyusi.

"Unamjua," Seline akasema kwa sauti ya chini. "Mtaje!"

"Siwezi pea mtoi wangu jina ya huyo msee. Nikimwita ataingia kabisa."

"Na usipomwita huyu anaenda! Nashon, tafadhali."

Nashon aliogopa kufa. Akamtazama mwanawe akitweta, akaona aibu.

"Nalianya," akasema.

Mtoto akashika titi, akanyonya kwa pupa. Seline akalia kwa furaha. Nashon, uso wote damu, akainama ambusu mwanawe.

Mtoto akaachia titi. Akamkazia macho, akainua ngumi ndogo ya kulia mbele ya uso, na ya kushoto akairudisha nyuma polepole.