Mafiga ya Kwenye Mchanga

Kila Jumapili, kanisa likishatoka, Werema aliwachukua mke na watoto kwenda kutembea ufukweni. Watu wa kijiji walicheka chini chini. Nani aliwahi kuona mtu mzima anatembea bila kwenda popote? Lakini Werema alikuwa ametoka semina ya miezi mitatu huko pwani, akaona familia za wakubwa zikitembea mchangani, baba mbele, mama na watoto nyuma, na alirudi na tabia hiyo. Alikuwa katibu wa kijiji, na katibu, alisema, ni lazima awe mfano.

Mkewe, Mogesi, alikuwa shangazi yangu, tumbo moja na baba yangu. Haya niliyapata kwa binti yao mkubwa, Bhoke, aliyekuwa na miaka kumi na moja wakati huo. Alinisimulia mara moja tu, kisha akakataa kurudia. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni, watu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakitaka wasitake. Werema alitolewa kwetu Itiryo, milimani, akapelekwa kusimamia kijiji kipya kando ya ziwa, upande wa Wajaluo. Siku hizo huko nako kulikuwa wilaya ya Tarime.

Matembezi yenyewe yalikuwa mazuri, Bhoke hakunificha. Walipita nyavu zilizoanikwa, wakafuata maji mpaka matete yanapoishia, wakapanda vilima vya mchanga. Ukifika juu ya kile cha tatu, unaiona ngome ya Mjerumani ng'ambo ya ghuba, kuta tupu zisizo na paa. Hapo ndipo walipokaa kula viazi vya kuchemsha, huku mdogo wake Bhoke, Mokami, mtoto wa miaka minne, akibiringika mchangani na kucheka.

Shida ya Mogesi ilikuwa jiko. Kwetu Itiryo mawe ni mengi, unajikwaa nayo ukienda kisimani. Kule ziwani ni mchanga mtupu. Nyumba yao mpya haikuwa na mafiga, alipikia juu ya madongo ya udongo yaliyopasuka kila wiki, chungu kikapinduka na mboga ikamwagika. Basi Jumapili moja, kwenye bonde dogo kati ya vile vilima, upepo ulikuwa umefukua mchanga na mawe matatu yakawa yametokeza. Makubwa, yanalingana, yamekaa kama yanasubiri chungu.

Mogesi aliyainamia, akaona masizi. Akarudi nyuma hatua moja. Kwetu mtu akihama anabeba vyungu, anabeba jiwe la kusagia, lakini mafiga anayaacha. Mafiga ni ya yule aliyeyapikia, hata akifa.

"Baba Bhoke, haya yana mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani? Hapa kila kitu ni mali ya kijiji," Werema alijibu, na akajitwika la kwanza.

Mita chache kutoka pale, bibi mmoja wa Kijaluo aliyeitwa Agustina alikuwa anaokota kuni. Aliwaona. Aliyaona na mawe. Akatema mate pembeni, akaendelea na kuni zake.

Ugali wa kwanza kupikwa kwenye mafiga yale ulikuwa na mchanga. Mogesi akamwaga, akachekecha unga upya, akasonga mwingine. Mchanga. Siku ya tatu alipofunua chungu cha maharage alikuta yamechotwa katikati, alama ya vidole vinne imekaa pale, na maharage yalikuwa yanachemka. Hakuna mtu anayetia mkono kwenye chungu kinachochemka.

Kisha Mokami akaacha kula. Hakuugua. Alicheza, akalala, na shavu likazidi kujaa. Ila akiwekewa sahani aliisukuma.

"Nimeshiba," alimnong'oneza mama yake. "Yule mama amenipa."

"Mama gani?"

"Wa kule mchangani. Anasema nikae karibu na moto."

Mogesi alimfungua mtoto kinywa. Ulimi wote ulikuwa na majivu.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa utosini, alienda kwa Agustina. Alimkuta amekaa nje ya kibanda chake kipya cha Operesheni, kibovu, kimeinama upande.

"Shikamoo mama."

Agustina hakuitikia. Alimwangalia kwa chuki ambayo hakujali kuificha.

"Umekuja kwa sababu ya nyathi," alisema. "Mtoto. Ndiyo anaanzaga na mtoto."

Akamweleza kwa sauti ya chini. Ngome ilipojengwa, watu walishikwa kwa nguvu kuchimba mchanga pale vilimani, na mwanamke mmoja alishikwa kuwapikia. Siku moja chakula kilichelewa. Askari wakampiga pale pale jikoni pake mpaka akanyamaza, wakamfunika kwa mchanga, na watu waliporudi kumtafuta wasimpate, wakamwachia mafiga yake.

"Huyo hana kaburi," Agustina alisema. "Ana jiko. Rudisha yote matatu, wewe mwenyewe, mchana, bila kusema neno. Jiko la mawe mawili halisimami. Atatafuta la tatu."

"Ulituona tukiyachukua. Kwa nini hukusema?"

"Mume wako aling'oa paa langu mvua inanyesha, mimi nimelala ndani na homa. Nikasema acha wale mchanga." Akageuza uso. "Nyathi sikumfikiria."

Mimi sijawahi kumsamehe bibi yule. Lakini Werema ndiye sitamsamehe mpaka naingia kaburini, kwa sababu Agustina alikosa akiwa na uchungu, na Werema alikosa akiwa na kiburi tu. Mkewe alipomweleza, alipandwa na hasira. Ushirikina, nyumbani kwa katibu. Wakubwa wakisikia je? Akachukua figa moja, la moto moto kutoka jikoni, akalifunga gunia, akaingia kwenye mtumbwi na kwenda kulitupa kwenye kina cha ziwa.

"Nione sasa atapikia wapi," alisema aliporudi.

Mogesi alikaa chini kwenye uwanja wa nyumba yake na kulia. Aliogopa sana, Bhoke alisema. Aliogopa mpaka akashindwa kumbeba Mokami.

Jumapili ikafika. Werema akasema watatembea kama kawaida, kijiji kizima kione. Mogesi hakubisha. Chini ya viazi kwenye kikapu aliyaweka mawe mawili yaliyobaki, akajitwika, na shingo ikalemewa njia nzima. Mkono wa kulia alimshika Mokami. Alimshika kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua kali. Wavuvi walionekana kule mbali, na ngome ilionekana vizuri kuliko siku zote. Walipofika kwenye bonde lile, Mogesi aliteremka peke yake, akayapanga mawe yake mawili mahali pake, hakusema neno. Alihitaji mikono yote miwili kuyatua. Ndiyo maana alikuwa amemwacha Mokami kwa baba yake.

Werema alikuwa anaangalia ngome.

Moshi ukaanza. Mwembamba, kutoka kwenye mchanga mtupu. Hakukuwa na ukuni.

"Mokami yuko wapi?" Bhoke aliuliza.

Alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemwona akiteremka, na mchangani kulikuwa na nyayo zake ndogo, na kando yake nyayo nyingine, za mtu mzima, zilizokwenda naye mpaka bondeni. Mokami alichuchumaa pale palipokuwa pa jiwe la tatu. Kichwa ameinamisha. Mikono imekumbatia magoti. Shingo yake ilikuwa imegeuka rangi, kijivu.

Werema alimrukia, akamvuta. Hakuinuka. Akamshika kwapani, akavuta kwa nguvu zote, mwanamume aliyekuwa anabeba gunia la mahindi peke yake. Mtoto wa miaka minne. Hakusogea hata kidole. Juu ya mawe mawili na kichwa cha mtoto palikuwa na kivuli cha mviringo, kama cha chungu, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Mama," Mokami alinong'ona. "Kizito."

Mogesi akamwangalia mumewe. Hakumtukana. Alimwita Bhoke, kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia kumtuma maji.

"Mshike mdogo wako. Nendeni nyumbani. Usiangalie nyuma."

Akapiga magoti nyuma ya Mokami. Akaweka viganja vyake, vyeusi kwa masizi ya yale mawe aliyobeba, kwenye mabega ya mtoto. Akasukuma. Mokami akaanguka kifudifudi mchangani, mwepesi, analia. Na Mogesi akakaa mahali pake.

Bhoke alimburuta mdogo wake mpaka juu ya kilima. Hapo akaangalia nyuma. Upepo ulikuwa umeinua mchanga, na alimsikia baba yake akiita jina la mama yake, akiita tu. Mchanga ulipotua, Werema alikuwa amepiga magoti peke yake, anachimba kwa mikono. Mbele yake kulikuwa na mafiga matatu.

Taarifa iliyoandikwa ilisema Mogesi alizama ziwani. Watu walienda na majembe, wakayang'oa mawe mawili bila shida na kuyarudisha haraka. La tatu halikung'oka. Wanaume sita walijaribu. Lilikuwa jiwe la aina nyingine, lile jiwe letu la Itiryo, lenye vichembe vinavyometameta, na kule ziwani jiwe hilo halipo. Werema aliacha ukatibu, akaanza kushinda pale mchangani, na kila aliyepita alimsikia akiomba chakula. Hakumaliza mwaka.

Bhoke na Mokami waliletwa kwetu, tukakua pamoja. Mokami sasa ni mama wa watu, na nyumbani kwake hakuna mafiga, anapikia jiko la mafuta. Mabegani ana alama mbili za viganja, nyeusi, vidole vyote kumi vinahesabika. Zimesuguliwa kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Ngozi yake ilitanuka alivyokua, zile hazikutanuka. Ni mikono ya shangazi yangu, kipimo chake kile kile.

Mwaka juzi, kwenye msiba wa Bhoke, Mokami alinikubalia niweke mkono wangu juu ya alama moja. Ilikuwa asubuhi ya baridi na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Pale penye alama palikuwa na joto, joto la jiwe lililopikiwa usiku kucha.

"Leo yule mama amepika mapema," Mokami alisema, akavuta khanga yake.