Tanuru la Watu wa Nyota

Kila siku kengele ya mapumziko ilipogongwa, wanafunzi wa darasa la sita walikimbilia nyuma ya stoo ya shule, kwenye kijisehemu chenye nyasi. Majuma matatu nyuma walikuwa wakikimbilia uwanjani. Sasa hata Obed, ambaye bila mpira chakula hakikushuka vizuri, alikaa chini na wenzake akimsubiri Fortunata aanze kusimulia.

Mambo yalianzia mtaa wa Kizwite, kwenye ukumbi wa video. Ilikuwa mwaka 1996, na kanda za video zilikuwa zikiletwa Sumbawanga kwa basi kutoka Mbeya, pamoja na redio, ndala na sabuni za kila rangi. Jumamosi moja mchana nusu ya darasa ilikwenda kuangalia kanda ya watu wa nyota. Kapteni Zora, mwanamke shujaa wa anga, alikuwa akifukuzwa na maroboti. Chombo chake kikaishiwa nguvu, taa zake zikazimika, na pale pale jenereta la ukumbi nalo likazimika. Dizeli ilikuwa imekwisha. Mwenye ukumbi aliwaambia warudi kesho yake, lakini kesho yake kanda ilikuwa imeshapanda basi kurudi Mbeya.

Jumatatu darasa zima lilikuwa na kiu.

"Jamani, hakuna aliyewahi kuiona mpaka mwisho?" Obed aliuliza.

"Mimi," Fortunata akasema. "Niliiona likizo, kwa baba mdogo, Mbeya."

Uongo mtupu. Baba mdogo hakuwa hata na redio. Lakini macho yote yalimgeukia, na nani asiyependa kutazamwa? Basi akaanza kusimulia. Kapteni Zora alianguka na chombo chake kwenye nchi ya juu, yenye baridi na upepo usiopumzika, na wenyeji wakampokea kwa uji wa ulezi.

"Hiyo si Ufipa hii hii?" akauliza Mboje.

"Ndiyo yenyewe," akajibu Fortunata, na hapo uongo ukazidi kunenepa. Akasema wahunzi wa Kifipa walijenga tanuru refu la udongo, wakayeyusha chuma na kumtengenezea Zora injini mpya. Watoto wakapiga makofi. Kumbe Ufipa imo kwenye video!

Huyu Mboje alikuwa mtoto wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia na ng'ombe wao, wakajenga pembezoni mwa mtaa wa Izia. Tangu akiwa mdogo alifinyanga ng'ombe wa udongo huko machungani, wenye nundu na pembe, na ungedhani watalia. Kesho yake alikuja na Kapteni Zora mkononi. Fortunata akamvalisha nguo ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na viatu vilivyokatwa kwenye ndala kuukuu. Maroboti yakapata macho ya vifuniko vya betri na mikono ya waya. Wahunzi wakapata mashuka ya vitambaa. Mwisho wakafinyanga tanuru lililofika magotini, na pembeni yake wahunzi wawili wakipuliza moto kwa viriba vilivyotengenezwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Mwalimu Kristiana, mwalimu wao wa darasa, aliziona zile sanamu akasimama muda mrefu. "Kazi hii mtaionyesha siku ya wazazi, Ijumaa ijayo," akasema.

Shida ilikuwa moto. Walitaka tanuru liwake kweli mbele ya watu, lakini kila walipojaribu makaa yalikufa. Mboje alipuliza kwa mdomo mpaka machozi yakamtoka, na bado tanuru lilitoa moshi tu.

Jumatano, baada ya masomo, walilibeba mpaka nyumbani kwa akina Fortunata, Izia. Babu yake, mzee Kornel, alikuwa uani akichambua maharage ya mbegu.

"Shikamoo babu," wakasema pamoja.

"Marahaba. Karibu mchumba, karibu na wewe kijana. Habari zenu nimezipata kanisani. Wazee wote wa jumuiya yetu wanakuja Ijumaa, nimewaambia mmoja mmoja." Akaweka ungo chini. "Baba yangu alikuwa myeyushaji wa chuma. Alikufa akiamini kazi yake imesahaulika, majembe yote sasa ni ya dukani. Kumbe huko ng'ambo wanaijua, wameiweka mpaka kwenye video." Akajifuta macho kwa kiganja, akalaumu vumbi la maharage.

Fortunata alitamani ardhi ipasuke aingie. Kwa darasa la sita ulikuwa mchezo, lakini kwa babu haukuwa mchezo hata kidogo.

"Ila hao wazungu walimuuliza nani?" mzee Kornel akaendelea, akilitazama tanuru. "Hivi viriba vya nini hapa? Tanuru kubwa halipulizwi. Linavuta upepo lenyewe kwa matundu ya chini, kuzunguka pande zote. Viriba ni vya kile kitanuru kidogo cha kusafishia chuma baadaye. Hapa mtapuliza mpaka Krismasi."

Mboje akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Babu, hatuwezi kubadilisha. Kwenye video viriba vipo. Fortunata aliviona."

Wote wawili wakamtazama. Kanda ilikuwa imeshakwenda zake, na pengine isingerudi tena Sumbawanga. Nani angejua? Angenyamaza tu, na babu angekwenda Ijumaa akiwa na furaha yake. Lakini ni furaha ya kitu kisichokuwepo, na aliyemdanganya ni yeye.

"Sikuviona," akasema. "Sikuuona mwisho wowote. Wahunzi, uji, Ufipa, vyote nilivitunga. Nisamehe babu."

Mzee Kornel aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia akiongea na nguruwe wake.

"Mkono wa chuma ambao wahunzi walimpa Zora nimeufinyanga mara tatu," Mboje akanong'ona kwa hasira. "Kila nikimaliza unaniambia kwenye video hauko hivyo. Kumbe na huo ulikuwa wako?"

"Wangu."

Mboje akafikiri. "Basi ni mzuri," akasema, ingawa uso ulikuwa bado umekunjamana.

Babu aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. "Ijumaa nitakuja. Nimeshawaalika watu, siwezi kujificha. Kabla hamjaanza, utasimama uwaambie mwenyewe."

"Nitaona aibu, babu."

"Utaona. Mimi yangu nimeshaiona. Haya, lete hilo tanuru, na leteni na udongo mbichi."

Waliboa matundu manane kuzunguka chini, na babu akawaonyesha namna ya kutia vijibomba vya udongo katika kila tundu. Viriba wakaving'oa.

Ijumaa uwanja ulijaa. Akina mama walitandika kanga kwenye nyasi, wazee wakapewa madawati. Sanamu zilipangwa mbele ya goli, na chombo cha Zora kilifungwa kamba iliyopitishwa juu ya mwamba wa goli. Fortunata akasimama mbele.

"Shikamooni wazazi wetu," akasema. "Niliwaambia wenzangu kwamba niliuona mwisho wa kanda ya watu wa nyota. Nilisema uongo. Mtakachokiona leo hakimo kwenye kanda yoyote. Nimekitunga mimi, na Mboje amefinyanga sanamu. Wenzangu, na wewe babu, naomba mnisamehe."

Minong'ono ikapita kwenye madawati. "Nilijua," Obed akasema. "Ufipa tangu lini ikawa kwenye video?" Watoto wakacheka, na Fortunata akauma meno asilie.

Mwalimu Kristiana akainua mkono, kukawa kimya. "Sasa tunajua ni kazi ya nani. Fortunata, tuonyeshe."

Akaanza. Maroboti yakamfukuza Zora, chombo kikaanguka, wahunzi wakamzunguka. Mboje akawasha makaa na kurudi nyuma. Hakuna aliyepuliza. Upepo wa Sumbawanga, ule unaotoboa sweta, ukaingia kwenye matundu manane, na tanuru likaanza kunguruma. Matundu yakawa mekundu, kisha ya njano, na ulimi wa moto ukatoka juu. Watu wakasimama. Mzee mmoja akaanzisha wimbo wa Kifipa wa watu wa tanuru, na wenzake wakaitikia wakigonga mikongojo chini. Fortunata aliposema, "Injini iko tayari," Obed mwenyewe alikurupuka akaishika kamba na kuivuta. Chombo kikapanda juu ya moto mpaka kwenye mwamba wa goli, na uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Makofi yalipotulia, mwalimu Kristiana akamshika Fortunata bega na kuwageukia wanafunzi.

"Mlimpigia makofi nyuma ya stoo, na leo mmempigia zaidi," akasema. "Hadithi ni ile ile, kilichotoka ni uongo tu. Kwa kusema ameiona, alitudanganya sisi, akajinyang'anya kazi yake mwenyewe, akashindwa hata kumuuliza babu yake namna ya kuwasha moto. Ukitunga, sema nimetunga. Usipojua, sema sijui, utafundishwa. Huo ndio uaminifu, na hauna hasara."

"Ndiyo, mwalimu," wakajibu.

Kwenye madawati, mzee mmoja alimwegemea mzee Kornel. "Kwa hiyo huko ng'ambo hawatujui?"

"Hawatujui," akajibu mzee Kornel. Akawanyooshea mkongojo watoto wa darasa la sita, waliokuwa wamelizunguka tanuru wakiyahesabu matundu. "Lakini hawa sasa wanatujua."